Sifa za Mmea Usioomba Kitu

Kahawa ilipata watu wa kuisemea zamani: mwaka 1933 wakulima wa mlima huu wa Kilimanjaro waliiundia chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, na hadi leo ina watafiti wake pale Lyamungo. Mgomba hauhitaji msemaji, kwa sababu hakuna msiba wala harusi hapa Machame inayokwisha bila kitu chake sufuriani. Ng'ombe wa zizini ana akina mama wa Nronga, walioanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Kaktasi peke yake imekaa barazani bila wakili. Leo ninajitolea kuitetea, na ninaiomba mahakama isivitazame vidole vyangu.

Tumalize kwanza sifa ndogondogo. Kaktasi haidondoshi majani ya kufagia. Mbuzi huinusa mara moja tu maishani mwake. Mwizi huiruka akachukua ndoo. Mtoto mtundu hupata elimu ya kudumu kwa mguso mmoja, bila ada wala kiboko. Na mpungate, Mungu aubariki, una vimiiba visivyoonekana kwa macho ya mtu mzima, ambavyo huhama kutoka kidoleni hadi kwenye taulo, na kutoka kwenye taulo hadi mahali ambapo heshima ya ukurasa huu hainiruhusu kupataja.

Lakini sifa kuu, ambayo dada yangu aliitangaza huku akishusha vyungu vyake vya kaktasi kutoka kwenye buti la gari, ni kwamba kaktasi haihitaji matunzo. Tuitafakari sifa hii kwa utulivu inaoustahili. Mimea mingine hufungua vitundu vyake mchana kweupe na kupoteza maji bila haya. Kaktasi hujifunga. Husubiri usiku, watu wamelala, ndipo ivute hewa ya ukaa na kuiweka akiba, kisha asubuhi iitumie kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua ikiwa imejifungia ndani. Hata kupumua haitaki kumsumbua mtu. Majani iliona ni anasa, ikayageuza miiba. Shina lina mikunjo: maji yakija linatanuka, yakiisha linasinyaa, wala halimpigii mtu simu.

Hebu fikiria ng'ombe mwenye adabu hiyo, asiyelia alfajiri, asiyetaka majani ya kubebwa kichwani kutoka tambarare. Akiona hayaji anasinyaa tu pembeni kwa heshima. Fikiria mwanafunzi asiyedaiwa chochote Januari. Fikiria paa linaloona aibu kuvuja. Fikiria mzee wa ukoo anayekunywa mbege yake yote ya mwaka sikukuu ya Krismasi, akafuta midomo, kisha akanyamaza mpaka Desemba nyingine.

Dosari ni moja, nayo si ya mmea, ni ya mlima. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopata mvua nyingi kuliko pande zote. Moshi mjini hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda hadi msituni juu yetu, zinazidi 2,000. Masika yanadumu Machi hadi Mei, na yakiisha unashuka ukungu wa Juni hadi Agosti, ambao hauna mvua ya maana wala jua la maana. Nami nina maelekezo ya dada kwenye WhatsApp: maji kidogo, mara moja kwa wiki mbili. Ni nani atakayeyapelekea mawingu ratiba hiyo?

Basi kazi ni hii. Likichomoza jua, vyungu vitoke. Wingu likikaa vibaya, vyungu viingie. Jua limerudi, vitoke. Kahawa ina ugonjwa wa chulebuni, mfereji umeziba siku ya zamu yangu, ng'ombe ananitazama, na mimi niko barazani nimekumbatia miiba. Mmea usiohitaji matunzo umenigeuza yaya. Na vile vyungu ni vizito! Na kimoja wala si kaktasi: ni mnyaa, ulionunuliwa kwa pesa nzuri kwenye kitalu cha maua Dar es Salaam, wakati ndugu zake wamejaa kwenye nyua za tambarare, bure, wakizuia mbuzi, na utomvu wao ni uleule wa kuunguza macho.

Hata hivyo nisilie peke yangu. Mkonge nao, mmea wa Meksiko wenye tabia hiyohiyo ya kuhifadhi maji, una historia inayosimuliwa kwa fahari: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vipando elfu moja kutoka Florida, vikafika hai Tanga 62 tu, na kutokana na hivyo 62 yakazaliwa mashamba yasiyo na mwisho. Ushujaa mtupu. Manamba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kuukata hawamo katika simulizi hiyo, kwa sababu anayesifu uvumilivu wa mmea huwa hajamwona anayeubeba.

Kaktasi yenye akili ipo. Inaitwa Rhipsalis baccifera, na ndiyo pekee katika ukoo wake inayoota kwa asili nje ya bara la Amerika, ikiwemo hapa Afrika. Haikutafuta jangwa. Inaning'inia juu ya miti kwenye misitu yenye unyevu, inanyeshewa bila kulalamika, na ikikomaa haina miiba. Mgeni aliyekuja mwenyewe hushika desturi za mahali. Aliyeletwa kwenye buti Desemba anataka abebwe.

Naam, Desemba. Mlima hujaa magari, mageti yaliyofungwa miezi kumi na moja yanafunguliwa, nyama inachomwa, na kila mtu anasema hakuna kama nyumbani. Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu nyumba ya baba ni yangu, na urithi huo unapendeza sana mpaka Januari. Januari ndugu zangu huwa wameacha mbwa, baiskeli isiyo na mnyororo, vyungu na maelekezo. Anachonunua mtu kule kitaluni ni ruhusa ya kuondoka.

Simu hupigwa Jumapili jioni. Swali la kwanza: kaktasi zangu hazijambo? La pili: mama hajambo? Mama hupewa simu akasema, "Sijambo, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, salimia wajukuu." Goti limevimba. Kikohozi cha ukungu hakijamwacha tangu Julai. Lakini mama naye amejifunza kutoomba, na wanawe wanaousikia ukimya wake husema kwa furaha kwamba mama yetu hana shida kabisa. Kaktasi huanza kuoza chini, mizizini, na juu inabaki kijani kwa muda mrefu; ukitaka kujua, sharti uibonyeze kwa kidole. Kwa simu haibonyezeki.

Kwa hiyo, nikihitimisha utetezi wangu, natangaza bei mpya. Desemba hii kila gari litakalopakia ndizi, maparachichi na maziwa litapakia na chungu chake: mkungu mmoja kwa kaktasi moja. Sansevieria iliyokuja pamoja nazo ndiyo itakayobaki. Wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye jenasi ya Dracaena, yalimo masale yetu ya mipakani, na ndugu wa masale siwezi kumfukuza kihambani.

Na kama yuko kaka au dada atakayeona nimemkosea kwa maneno haya, mila iko wazi: mkosaji humpelekea isale aliyemkosea. Nitalikata mimi mwenyewe. Ila isale hupokewa kwa mkono, halitumwi kwa M-Pesa, nami siwezi kuondoka, nina vyungu. Aje alipokee hapa hapa, mwezi wa Aprili, barabara ikiwa tope.