Vileja vya Siha

Hakuna fitina iingiayo nyumbani kwa upole kama ile ibishayo hodi kwa jina la siha. Deni mtu huweza kulikana, na mgeni asiyealikwa huweza kuambiwa kuwa mwenyewe hayupo. Lakini atokeapo mdogo wako akasema, kwa adabu na mahaba, kwamba maakuli uyapendayo yatakudhuru na kwamba amekuletea yaliyo bora, huna wakili ila tumbo, na tumbo halijapata kushinda kesi mbele ya elimu.

Ndivyo lilivyotufikia hapa Unguja, mwishoni mwa Ramadhani, shauri la binti yetu, aliyekuja likizo kutoka masomoni Ulaya, la kuoka vileja vya Sikukuu visivyo na chochote kitokanacho na mnyama. Kileja, kama ajuavyo kila aliyelelewa pwani, ni unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki. Yeye alitaka ulezi mahali pa mchele, mafuta ya nazi mahali pa samli, tende mahali pa sukari, na ndizi mbivu mahali pa mayai. Mama yake alimsikiliza hata mwisho, kisha akauliza: “Mwanangu, na kileja chenyewe ki wapi hapo?”

“Iliki, mama,” akajibu binti. “Iliki imebaki.”

Maelekezo aliyokuja nayo yalikuwa yameandikiwa watu wa baridi. Yaliamuru mafuta ya nazi yapigwe yangali yameganda, ilhali mafuta hayo huyeyuka joto lifikapo nyuzi 24 hivi, na jiko letu la makaa, wakati wa adhuhuri, huzipita nyuzi hizo bila ya kugeuka nyuma. Vileja vikapangwa kwa nidhamu katika sinia, vikafunikwa, makaa yakatiwa chini na juu kama ilivyo desturi. Na kifuniko kilipoondolewa, tukakuta vimefanya ittifaki na kuwa kileja kimoja, upana wa sinia nzima.

Mafuta yakapunguzwa. Ulezi, kama mchele, hauna ulimbo ule ulio katika ngano. Kazi ya kuushikamanisha unga hufanywa na yai, na yai lilikuwa limekwisha kupewa ruhusa ya kwenda zake. Vikatoka vileja vizuri mno kwa kutazamwa, ambavyo havikuridhia kuguswa na mkono wa mwanadamu. Ndizi ikaongezwa ili ishike zamu ya yai, mafuta yakarudishwa kidogo kwa huruma, na hivyo ndivyo vilivyofika mezani siku ya Idi.

Akaja shemeji yangu, mtu wa murua kamili, amevaa kanzu mpya nyeupe. Alionja, akasifu rangi. Cha pili, kwa kuwa kukataa takrima ni jambo asiloliweza, alikitia mfukoni akisema kwamba atampelekea mkewe. Mafuta ambayo hayakuganda jikoni hayakuona sababu ya kuganda mfukoni, na kila baraza aliyopita kutoa mkono wa Idi ilimpokea kwa salamu kisha ikamwuliza habari za doa.

Vilivyosalia tulivila sisi wa nyumbani, tena kwa ukarimu, maana vileja vya samli kila mtu hujizuia kwa viwili, lakini kitu kilichokwisha kuitwa siha hakina mpaka. Kwa insafu, binti ana haki yake: ulezi una kalsiamu nyingi kuliko ngano na mchele, na tende huja na nyuzinyuzi ambazo sukari nyeupe haina. Lakini tende kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Na yale mafuta ya kuganda ambayo matabibu hutuonya nayo kwa ajili ya moyo, katika samli ni kama sehemu 6 kwa 10, na katika mafuta ya nazi yanapita 8. Moyo hauulizi kama mafuta yametoka kwa ng'ombe au kwa mnazi.

Basi, msomaji, ukiletewa kileja cha siha, kipokee, shukuru, ule kimoja, na usikitie mfukoni. Na ukitaka kitamu kisicho na mnyama ndani yake, kashata ya nazi, sukari na iliki ilikuwapo hapa kabla yetu sote; nayo pia ni ya kula moja.