Jinsi ya Kumaliza Katuni ya Sekunde 30 kwa Michoro Isiyofika Mia

Umepewa mradi: filamu fupi ya katuni, ichorwe kwa mkono, sekunde 30, ikabidhiwe mwisho wa muhula. Wenzako wameshakimbilia kununua penseli za rangi. Wewe chukua kikokotoo kwanza. Filamu hupitisha fremu 24 kila sekunde. Zidisha kwa 30 upate 720. Rimu ya karatasi ina 500. Kwa hiyo anayetaka kuchora kila fremu ananunua rimu ya pili kabla hajaharibu hata karatasi moja, na siku ya kukabidhi anakuja na sekunde sita za kichwa kinachogeuka, pamoja na maelezo marefu.

Sogea karibu nikuambie. Ufundi huu ulikua kwa kukwepa kuchora, na wengi waliokwepa vizuri tunawaita magwiji. Mwaka 1908 huko Paris, Émile Cohl alitengeneza Fantasmagorie kwa michoro kama 700, kila mmoja akaupiga picha mara mbili. Filamu ikawa ndefu maradufu na macho ya watu hayakudai chochote. Fanya hivyo hivyo: kila mchoro ukae fremu mbili, na 720 zako zimegeuka 360. Osamu Tezuka wa Japani, alipoanza kurusha Astro Boy kwenye televisheni Januari 1963, alikuwa na kipindi kipya kila wiki na pesa kidogo. Akaukalisha mchoro fremu tatu, akaweka akiba ya michoro iliyokwishatumika, akaitumia tena wiki zilizofuata. Nawe ukifanya hivyo umeshuka hadi 240, wala hujaanza hila zenyewe.

1. Tafuta wahusika wasiojisumbua

Usichague farasi. Usichague mpira wa miguu, wala harusi, wala soko. Chagua watu wawili, au mtu na mnyama, ambao kwa tabia zao hawana haraka. Mimi nakupa wawili bure: mzee wa kanzu na mbuzi aliyekula kofia yake.

Mtazame huyo mzee vizuri, maana ni hazina. Kanzu imemfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Magoti, mapaja, suruali inayokunjamana, vyote vinavyomtoa jasho mchoraji anayejifunza, havionekani. Tena wazee wengi hutembea mikono imefungwa nyuma, kwa hiyo hakuna mkono wa kupunga. Mwendo wa kawaida huchukua nusu sekunde kwa hatua moja, yaani michoro sita ukikalisha kila mmoja fremu mbili. Mtu wa suruali anahitaji hatua ya kulia na ya kushoto, kumi na miwili. Mzee wetu hatua zake zote mbili zinafanana, kwa sababu kinachoonekana ni ncha za makubadhi tu, pindo la kanzu linaloyumba na kichwa kinachopanda na kushuka kidogo. Sita inatosha. Irudie mpaka afike anakokwenda, hata akienda Bagamoyo.

Mbuzi naye asitembee kabisa. Miguu minne ni kesi ya mahakama kuu. Asimame, atafune. Taya kushoto, taya katikati, taya kulia, taya chini: michoro minne, filamu nzima. Hakuna atakayelalamika, kwa sababu kila aliyewahi kukaa na mbuzi anajua ndivyo walivyo.

Kama hujui kuchora watu, usikate tamaa. Don Hertzfeldt alikuwa bado mwanafunzi Marekani alipotengeneza Billy's Balloon, mwaka 1998, kwa watu wa vijiti: kichwa duara, mwili mstari. Filamu hiyo ilifika Cannes, na iliyofuata, Rejected, ya vijiti vilevile, iliteuliwa kuwania Oscar. Watu hucheka zaidi kijiti kikianguka kwa wakati wake kuliko misuli iliyopakwa kivuli.

2. Tengeneza kitako, na usikipuuze

Hapa hakuna njia ya mkato, kwa hiyo vumilia kidogo. Karatasi ikihama milimita moja, mzee wako atatetemeka kama ana homa ya malaria. Azima panchi ya ofisini. Matundu yake mawili yameachana sentimita 8, na kila moja lina upana wa milimita 6. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bolti mbili za milimita 6, zifunge kwenye kipande cha ubao kwa umbali huohuo: hicho ndicho kitako, kila karatasi ikae hapo bila kucheza. Toboa karatasi chache chache, na daima upande uleule.

Kuona mchoro wa chini, weka kioo juu ya vitabu na taa chini yake. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha. Mchana, bandika kwenye dirisha.

3. Sauti kwanza

Watu huweka sauti mwisho, nayo ndiyo kosa linalowagharimu wiki nzima. Rekodi kabla hujagusa penseli, ndipo ujue hasa unahitaji sekunde ngapi za nini. Jifunike blanketi, wewe na simu, mwangwi wa chumba upotee. Sauti ya kanzu ni khanga ikipungwa karibu na simu. Mapigano ni maharage yakimwagwa kwenye beseni. Mbuzi, nenda kwa mwenye mbuzi.

Maneno yawe machache, ila yasikuogopeshe. Kiswahili kimekupa zawadi hapa: karibu kila silabi huishia kwenye irabu, nazo ni tano tu. Chora midomo mitano ya a, e, i, o, u, ongeza mmoja uliofungwa kwa m, b na p, na unaweza kusemesha mtu hotuba. Mzee akiita "Mbuzi!" unahitaji midomo mitatu: uliofungwa, wa u uliochongoka, wa i uliotanuka. Umemaliza.

Na midomo hiyo uichore peke yake, kwenye karatasi yake, mwili ubaki pale pale. Hiki ndicho kilichofanywa kwa Yogi Bear, dubu wa studio ya Hanna-Barbera. Unadhani dubu anavaa kola na tai ili apendeze? Kola inaficha pale kichwa kinapoungana na mwili, ili kichwa kichorwe upya na mwili utulie. Mzee wako ana kola ya kanzu na ndevu. Maungio yote yamefichika.

4. Mandhari mara moja, basi

Mwaka 1914 Winsor McCay aliionyesha dunia dinosaria wake, Gertie. Wakati huo wahusika na mandhari vilichorwa kwenye karatasi moja, kwa hiyo milima na mawe yalichorwa upya kwenye kila karatasi, maelfu ya mara. Aliyeyachora hakuwa McCay. Alikuwa kijana mwanafunzi wa sanaa, jirani yake, John Fitzsimmons. Mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye plastiki inayoonyesha, juu ya mandhari moja isiyoguswa. Chagua unataka kuwa nani.

Siku hizi huhitaji plastiki. Chora mandhari yako mara moja, piga picha, iweke safu ya chini kwenye programu ya simu au kompyuta, wahusika waje juu. Mandhari tatu zinatosha: uchochoro, mlango ulio nyuma ya mbuzi, ukuta. Hapo tu ndipo nakuruhusu majigambo yako. Weka mlango wa nakshi, weka kivuli, weka ufa kwenye chokaa. Mandhari haisogei, kwa hiyo uzuri wote unaouweka hapo unalipwa mara moja na kuonekana sekunde nane.

5. Jambo kubwa litokee nyuma ya ukuta

Mzee lazima amkimbize mbuzi. Tumeshakubaliana mbuzi hakimbii. Basi waende nyuma ya ukuta. Mtazamaji anaona ukuta, ule wa ufa. Maharage yanamwagika kwenye beseni. Vumbi linapanda, michoro sita. Kofia inaruka juu ya ukuta na kushuka, michoro mitano, ukitumia ileile ikirudi chini. Bakora inachomoza, inapotea. Kimya. Mbuzi analia.

Chuck Jones alijenga umaarufu wa mbweha wake, anayemfukuza ndege Road Runner tangu 1949, kwa hila hiyohiyo: anaanguka kwenye korongo refu mno, na kinachobaki ni kiwingu kidogo cha vumbi chini kabisa. Umati unaangua kicheko kwa vumbi lisilozidi ukubwa wa ukucha. Akili ya mtazamaji huchora bure, tena huchora vizuri kuliko wewe. Iachie kazi.

6. Sasa lipa deni

Mpaka hapa umekwepa kila kitu, nami nimekusaidia. Michoro uliyookoa ina mahali pake pa kwenda, na hapo usibane hata mmoja.

Ni uso wa mzee anapoona uzi umening'inia kwenye mdomo wa mbuzi. Sekunde mbili, michoro 24, yote mipya. Anza na michoro mikuu mitatu: hajaelewa, anaelewa, ameelewa. Kisha ijaze ya kati. Ya kati isigawanywe sawa kwa sawa. Irundike mwanzoni na mwishoni, iwe michache katikati, ili wazo limjie polepole, limpige ghafla, halafu likae. Shika karatasi tano kati ya vidole, zipepee, utamwona anafikiri kabla hujampiga picha hata moja. Nyusi zitangulie macho. Macho yatangulie kichwa. Kope zifunge mara moja, pale kichwa kinapogeuka. Kama kipo kipande cha usiku wa kukesha katika mradi huu, ni hiki, na ninakuombea ukeshe.

Uso huo uchukue kwa karibu, na hapohapo uonyeshe pia kipande cha kofia, ukichore kama kilivyoshonwa: vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, mmoja mmoja. Kwingine kote kofia iwe nyeupe tu. Ukichora vitundu mara moja, kwa ukaribu, mtazamaji ataviona filamu nzima.

Mzee anaposimama tu, usimgandishe. Nakili mchoro huohuo mara tatu bila kujitahidi kufananisha sana, izungushe. Mistari itachemka kidogo na mzee ataonekana anapumua. Mapozi manne ya namna hiyo, michoro 12.

Jumlisha: minne ya mbuzi, sita ya mwendo, sita ya vumbi, mitano ya kofia, 24 ya uso, 12 ya kusimama, mandhari tatu, bakora moja, midomo mitatu, karatasi mbili za majina. Sitini na sita.

7. Shindana na nafsi yako

Kufikia hapa utajipenda. Utatazama mwendo wa mzee usiku wa manane na sauti itakuambia: uchore upya, laini zaidi, kila fremu mchoro wake. Richard Williams, fundi ambaye kitabu chake wachoraji wa katuni wanakisoma hadi leo, alianza filamu yake The Thief and the Cobbler mwaka 1964. Alitaka kila kitu kichorwe kwa ukamilifu. Mwaka 1992 alinyang'anywa kazi haijaisha, ikamaliziwa na watu wengine. Tazama vipande vyake, ni vya ajabu kweli, na vinanihuzunisha kila nikiviona. Wewe una muhula mmoja. Zima kompyuta.

Wenzako nao wana nafsi, na hiyo itumie. Waambie watakaokusaidia kutoboa karatasi na kupaka rangi kwamba majina yao yataandikwa kwa herufi kubwa, kila jina na cheo: Mkuu wa Panchi, Mhandisi wa Maharage. Watakuja wenyewe, watakuja na wadogo zao. Na majina hayo yakikaa sekunde nne mwishoni, na jina la filamu sekunde tatu mwanzoni, umejaza sekunde saba kwa karatasi mbili. Waandike kwa uaminifu, usimsahau mwenye mbuzi.

8. Kupiga picha na kukabidhi

Simu iangalie chini kutoka kwenye kiti au rundo la vitabu, ifungwe kwa selotepu isitikisike. Funga mapazia, tumia taa, maana wingu likipita utaliona kwenye filamu. Bonyeza kioo cha simu ukishikilie mpaka mwanga ujifunge, la sivyo kila picha itakuwa na weupe wake. Vaa shati jeusi. Jeupe huakisi kwenye karatasi.

Mchoro wa mwisho kabisa ni wa mbuzi. Mzee amevaa mabaki ya kofia, ameridhika, mikono nyuma. Mbuzi yuko pembeni yake anatafuna, michoro minne ileile, ila sasa umeongeza mstari mmoja: pindo la kanzu limeingia mdomoni.

Siku ya kuonyesha usitangulize samahani. Usiseme "haijakamilika". Mhadhiri akiuliza mbona mbuzi hasogei, mwambie ukweli: uliamua atafune ili michoro uipeleke kwenye uso wa mzee, na umwombe autazame tena. Weka nakala kwenye flashi mbili na kwenye simu. Ufike ukumbini mapema, kabla viti havijajaa, umkalishe rafiki mstari wa nyuma kabisa, ucheze ile sehemu ya kutafuna. Asipoisikia, ongeza sauti.