Ndege Inayokwenda Polepole na Kurudi Mbio

Kwa kompyuta, kutoa tarehe moja katika nyingine ni kazi nyepesi. Mifumo mingi huhesabu tu sekunde zilizopita tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, hivyo muda kati ya matukio mawili ni namba kubwa kutoa namba ndogo. Ajali hutokea kabla ya hapo, pale mashine inapopewa saa bila kuambiwa ni saa ya wapi.

Kongo ina saa mbili: Kinshasa hufuata UTC+1, mji wa Kamina na Katanga yote ya zamani UTC+2. Tuseme ndege inaondoka Kinshasa saa 10:00 na kutua Kamina saa 13:00, kisha inaondoka saa 14:00 na kutua Kinshasa saa 15:00. Programu isiyojua kanda za saa itaandika saa 3 kwenda na saa 1 kurudi, na mhasibu anayeiamini kompyuta atataka kujua rubani alitua wapi njiani kununua mihogo. Kumbe ni saa 2 kila upande.

Dawa ni kuhifadhi kila wakati kwa UTC pamoja na jina la kanda yake. Katika orodha ya IANA kanda hizo zinaitwa Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Kamina haimo, imejibanza nyuma ya Lubumbashi, jambo ambalo wenyeji wake wamelizoea. Anayepuuza majina hayo na kutegemea saa ya mezani kwake hujitafutia balaa. Mwandishi wa programu aliyeko Brussels akiijaribu kazi yake mwezi Julai ataona mambo shwari, kwa kuwa wakati wa kiangazi saa za Brussels na Kamina ni zilezile. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wabelgiji hurudisha saa nyuma na kuhamia upande wa Kinshasa, na risiti za Kamina huanza kukosea kwa saa nzima bila mtu wa Kamina kugusa kitu.

Tarehe nazo zina mitego yake. Kamina huandika siku kwanza, kisha mwezi, kama Wafaransa. Deni lililochukuliwa 03/04/2024 na kulipwa 05/04/2024 limekaa siku 2. Programu iliyozoea mtindo wa Marekani husoma 4 Machi na 4 Mei: siku 61, na riba juu. Tena kosa hili lina ujanja: hunyamaza siku 12 za kwanza za kila mwezi, likaanza kelele tarehe 13, maana mwezi wa 13 haupo. Kuandika 2024-04-03, kwa kanuni ya ISO 8601, humaliza ugomvi.

Wengine huhifadhi saa, wakaitupa tarehe. Kamina ni njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Treni iliyotarajiwa Jumatatu saa 16:00 ikiingia Alhamisi saa 17:00, mfumo wa namna hiyo utasema imechelewa saa 1. Ni saa 73, ila si kila mkuu wa stesheni angependa mfumo huo urekebishwe.

Miezi ndiyo haina suluhu, kwa kuwa haina urefu mmoja. Ukiongeza mwezi mmoja juu ya 31 Januari 2024, LocalDate ya Java hujibu 29 Februari. Date ya JavaScript, ukiisogezea mwezi kwa setMonth, huvuka hadi 2 Machi. Mwenye nyumba atachagua Java, mpangaji JavaScript.