Barua ya Wazi kwa Wizara ya Uchukuzi Kuhusu Injini Zinazofia Kwenye Njia ya Kilwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi na Njia za Mawasiliano, Kinshasa

YAH: PONGEZI KWA KUTOHUSIKA

Wenye motokari wa Kilwa, mji ulio kando ya ziwa Moero, kilomita zipatazo 350 kaskazini mwa Lubumbashi, wanaiandikia Wizara si kwa kulalamika, maana malalamiko yana ofisi zake na ada zake, bali kwa kuipongeza kwa fanikio ambalo pengine unyenyekevu umeizuia kulitangaza: Wizara, pamoja na idara zote zinazoshirikiana nayo mpakani na barabarani, imeweza kulikagua, kulitoza na kulisajili gari zima, kuanzia bamba la namba hadi taa za nyuma, bila kuwajibika hata chembe kwa injini yake.

Ukubwa wa fanikio hilo hauonekani mpaka ieleweke dhamana ni nini. Dhamana ni ahadi ya maandishi ya mtengenezaji kwamba atagharimia kasoro ya gari ndani ya muda au umbali uliotajwa, na nchini Japani, ambako hutoka sehemu kubwa ya motokari za Katanga, ahadi ya Toyota kwa sehemu kuu za injini ni ya miaka 5 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Agizo la serikali ya Kongo la Oktoba 2012 kuhusu magari yaliyotumika liliweka kikomo cha umri wa miaka 10. Kwa hiyo gari lenye uhalali wote wa kuingia nchini laweza kuwa limefiwa na dhamana yake miaka 5 kabla ya kupakiwa melini, na hapo inachukuliwa kwamba kikomo kinafuatwa, jambo ambalo mpita njia yeyote wa Lubumbashi angependa kulijadili.

Gari hilo hushushwa bandarini Dar es Salaam na kukabidhiwa dereva wa IT, kama Watanzania wanavyowaita waendeshao magari ya transiti hadi mpakani, na katika safari ya karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Kapiri Mposhi, injini iliyozeekea katika foleni za Yokohama hufundishwa kwa siku chache mambo ambayo kitabu cha mtengenezaji hakikuyataja. Kasumbalesa, mpakani penyewe, ndipo mihuri inapoanza. Forodha hutaka kujua thamani; Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, iliyoundwa mwaka 1974 ili kuhakiki ubora, wingi na bei ya bidhaa, hutoa cheti chake; mjini hufuata bamba, carte rose, yaani kadi ya umiliki, kisha vinyeti, ambayo ni kodi ya gari ya kila mwaka, kisha bima na ukaguzi wa kiufundi; na mafuta yanayonunuliwa baada ya hapo hukatwa mchango wa FONER, mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mihuri hiyo ingetosha kufunika boneti nzima, wala hakuna hata mmoja unaomfunga aliyeupiga iwapo injini itakufa wiki inayofuata. Si kazi rahisi kuligusa gari mara nyingi hivyo bila kuacha alama ya kidole kwenye mashine yake.

Usukani, kwa upande wake, umepewa heshima iliyopindukia. Kwa kuwa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya Japani huja na usukani wa kulia vilevile, suala hilo limeishughulisha serikali kwa marufuku na kwa maahirisho ya marufuku. Injini, yenye bahati mbaya ya kukaa katikati, haijawahi kupigwa marufuku wala kuahirishwa.

Kifo chenyewe kina utaratibu wake. Mbele ya Kasomeno, kwenye njia ya kwenda ziwani, vumbi jekundu la kiangazi huziba mapezi ya rejeta, kifaa cha kupozea maji ya injini, ambacho ndani yake kimekwisha kuzibwa nusu na kutu kwa sababu mahali pa kulanti, maji yenye dawa ya kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka, hutiwa maji ya kisima au ya ziwa. Termostati, kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa kufuata joto, iling'olewa zamani na fundi aliyeamini kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Mshale wa joto hupanda, na dereva, ambaye nyuma yake kuna samaki waliofunikwa kwa barafu inayoyeyuka, huamua kwamba kilichoharibika ni mshale. Kichwa cha silinda, ambacho katika injini nyingi za siku hizi ni cha alumini, hupinda. Gasketi inayokitenganisha na bloku huungua. Maji na oili hukutana. Na fundi afunguapo kifuniko cha oili hukuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, ambao hauhitaji kuelezwa kwa yeyote aliyesimama hapo.

Baada ya hapo kila kitu hutajwa kwa dola. Kichwa hufunguliwa, hufungwa katika gunia na kupakiwa lori la samaki kwenda Lubumbashi kusagwa kwa mashine hadi kiwe tambarare tena, na kikirudi huenda ikagunduliwa kwamba oili iliyochanganyika na maji ilikwisha kuikwaruza kranki, mtaimbo unaogeuza msukumo wa pistoni kuwa mzunguko, na kwamba hakuna budi kununua injini nyingine iliyotumika. Injini hiyo nayo ina dhamana ya aina yake: huwashwa sokoni mbele ya mnunuzi, na dhamana huisha muuzaji anapoizima.

Wapo wanaodai kwamba mnunuzi ameachwa bila sheria, na huo ni uzushi ambao Wizara ina haki ya kuukanusha. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni sehemu ya sheria ya madai ya Kongo, humbebesha muuzaji kasoro zilizofichika, yaani zile ambazo mnunuzi asingeweza kuziona mwenyewe, na humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu na kulipwa fedha zake, au kubaki nacho na kurejeshewa sehemu ya bei. Amri hiyo ni kongwe kwa miaka 22 kuliko mji wa Lubumbashi, na ilitolewa miaka 2 tu baada ya Carl Benz kupata hataza ya gari lake, hivyo hailaumiki kwa kutoitabiri Kasumbalesa. Ugumu uliobaki ni mdogo: shauri lifunguliwe upesi, kasoro ithibitishwe kuwa ilikuwapo siku ya mauzo, na muuzaji apatikane, naye kwa kawaida alinunua kwa mtu aliyepokea kwa mtu ambaye simu yake ya Dar es Salaam haipatikani kwa sasa.

Haki inadai isemwe pia kwamba dhamana zilizo hai zipo Haut-Katanga. Huja na magari mapya ya kampuni za madini na ya mashirika makubwa, kwa sharti la kuhudumiwa na wakala aliyeidhinishwa, na hivyo anayelipiwa injini ni yule ambaye angeweza kuinunua.

Wizara ikitaka kuendelea kutohusika, inashauriwa iandike wazi kwenye carte rose maneno "bila injini" na kupunguza ada kwa kadiri ya uzito wa kitu kilichoondolewa. Ikiona aibu kufanya hivyo, basi mkaguzi anayelipwa ada ya ukaguzi wa kiufundi afungue boneti na kupima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya kila silinda, kwa geji inayofungwa mahali pa plagi, kazi isiyommalizia asubuhi fundi aliyezoea, kisha aandike tarakimu hizo kwenye cheti pamoja na kilomita za gari, na atie saini. Gari likipimwa hivyo kabla ya kuuzwa, hakimu atakuwa na ushahidi wa hali ya injini siku ya mauzo, na amri ya 1888 itapata kazi. Inafahamika kwamba pendekezo hili ni la hatari, kwani kwa mara ya kwanza kungekuwa na mtumishi wa Dola ambaye jina lake liko karibu na injini.

Nakala: Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi, Msimamizi wa Eneo la Pweto, na mafundi wa Kilwa, ambao katika orodha hii ndio pekee waliokwisha kufungua boneti.