Siku Laptopu Yangu Ilipogeuka Notepad Tupu

Mwaka ule mpwa wangu alipotaka kuoa, nilipewa ukatibu wa kamati ya harusi kwa sifa moja tu: nilikuwa na laptopu. Kama najua kuitumia, hakuna aliyeuliza. Mweka hazina alikuwa mjomba, mtu makini wa hesabu, ambaye hajawahi kupoteza risiti wala kumsamehe mtu aliyeahidi akanyamaza.

Jumamosi ya kikao, saa nane mchana, mjomba akabisha hodi, flashi ikining'inia kwenye funguo zake.

"Michango yote imo humu," akasema. "Walioahidi, waliolipa, na wanaokimbia. Kikao saa kumi. Nitolee nakala kumi na tano."

Akakaa sebuleni, akaletewa chai.

Nikachomeka flashi. Mlikuwa na faili moja tu, MICHANGO, na kwenye kona ya aikoni yake kimshale kidogo kilichopinda. Kimshale sikukijali. Ukubwa wa faili, kilobaiti 2. Harusi ya watu mia tatu, wachangiaji kuanzia Mbagala hadi Mwanza, kilobaiti 2! Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akauliza. Mimi nilibofya. Windows ikajibu kwamba kitu kinachotafutwa hakionekani.

Kumbe mjomba hakunakili orodha. Alinakili njia ya mkato, yaani kile kibao kinachoonyesha orodha iliko kwenye kompyuta yake. Ni kama umtume mtu akuletee mbuzi, arudi na maelekezo ya kufika zizini. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mjomba yuko sebuleni, anamalizia kikombe cha kwanza, na mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa ukoo.

Nikaanza kulazimisha. Nilibofya huku, nikabofya kule, na kwa njia ambayo hata leo siwezi kuirudia nikafika mahali Windows 7 inapouliza: faili za aina hii zifunguliwe na programu gani? Chini yake kulikuwa na kisanduku chenye tiki tayari, kwamba programu hiyo itumike siku zote. Nikachagua Notepad, kwa hoja kwamba Notepad haina maringo, hufungua chochote utakachoipa. Hoja yangu ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyoniponza.

Notepad ikafunguka. Mwanzoni kabisa herufi L, peke yake kama imesuswa. Kisha vidude, vimiraba, alama za pesa za nchi nisizozijua. Katikati ya takataka hizo, maneno yanayosomeka: D:\HARUSI\MICHANGO.xlsx.

"Tunakaribia, mjomba!" nikapaza sauti.

Nikafunga dirisha lile nikaona kilichotokea nyuma yake. Kila aikoni ilikuwa imevaa sura ya kidaftari cha Notepad. Nikabofya Excel: Notepad, herufi L, vimiraba. Nikabofya kivinjari niombe msaada intaneti: Notepad, herufi L, vimiraba. Nikabofya muziki, nikabofya printa, kila nilikogusa L inanisubiri mlangoni. Pipa la taka ndilo lililobaki na sura yake ya zamani, na lilipobofywa lilifunguka vizuri. Kwa muda ule, kazi niliyokuwa naiweza kwenye laptopu yangu ilikuwa kutupa vitu.

Windows haichungulii ndani ya faili kujua ni la nini. Inatazama mkia wa jina, zile herufi baada ya nukta ya mwisho, kisha inafungua daftari lake kuona mkia huo ni mali ya nani. Ndiyo maana ukilibadilisha jina faili la Excel likaishia na .pdf hujapata PDF, umemvalisha mbuzi kanzu. Na karibu kila aikoni tunayobofya kuanzishia programu ni njia ya mkato yenye mkia .lnk. Mimi nilikuwa nimetia saini kwamba kila chenye mkia huo, kuanzia leo na siku zote, ni cha Notepad.

Mkia wenyewe tunafichwa, ati tusije tukachanganyikiwa. Mei 2000, kirusi kilichotokea Ufilipino kilizunguka dunia kwa barua pepe kikijifanya barua ya mapenzi. Faili liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini wengi waliona likiishia kwenye TXT, maandishi matupu, wakalifungua kwa raha zao. Hao angalau walidanganywa na mapenzi. Mimi nilijimaliza mwenyewe, kwa orodha ya michango.

Nikampigia kijana wa steshenari pale mtaani.

"Anko, umelifungua faili la mshale kwa nguvu?"

"Kidogo."

Akanyamaza. Nilisikia kabisa akiweka simu mbali ili acheke. Aliporudi akaniambia nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, niandike regedit. Hapo hapahitaji aikoni. Tukateremka naye ngazi kwa ngazi, HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Explorer, FileExts, mpaka .lnk, na ndani yake UserChoice. "Hiyo moja tu, anko. Futa, usiguse jirani yake." Nikafuta huku nimebana pumzi. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena. Kila aikoni ikarudi na sura iliyozaliwa nayo.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Nikaenda sebuleni kumuuliza mjomba orodha yenyewe iko wapi.

"Si nimekuletea?" akasema. "Nyingine iko kwenye kompyuta, nyumbani, Kigamboni."

Kikao kilianza saa kumi na moja. Mjomba alisimama akaitaja michango yote kwa kichwa, jina baada ya jina, bila kusita. Alipofika kwangu alisema nimeahidi laki mbili. Ninavyokumbuka mimi ilikuwa laki moja, lakini sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Nililipa laki mbili.