Mama Mkubwa Ana Uhakika

Anayejifunza kusanifu violesura hawezi tena kuishi na watu kwa amani. Don Norman, katika kitabu chake cha 1988, aliwatetea wote wanaosukuma mlango wa kuvuta: kosa ni la mlango. Tangu nisome hayo nimekosana na geti, na bomba la bafuni, na swichi tatu za sebuleni ambazo hakuna ajuaye ipi inawasha nini. Papa mdogo anasema hapa mtaani kwetu, Golf, hilo si tatizo. Umeme ukikatika, zote zinafanya kazi sawasawa.

Jakob Nielsen naye, mwaka 1994, alitoa kanuni kumi. Ya kwanza, mfumo umjulishe mtumiaji kila wakati uko katika hali gani. Hapo, sisi wa Lubumbashi hatudaiwi. Umeme ukirudi, watoto wa mtaa mzima hupiga kelele, hata aliyelala anajulishwa.

Kasheshe ilianza na programu niliyomtengenezea mama mkubwa, muuza tomsoni, samaki wa barafu, apokee oda kwa simu. Maneno niliyapunguza, maana huyu anasoma Kifaransa, yule Kiswahili, nikajaza picha. Penye kufuta nikaweka pipa la taka, kama wafanyavyo wote. Mama mkubwa akatazama, akaona ndoo. Samaki huwekwa wapi kama si kwenye ndoo? Basi kila oda ikiingia, anaitia humo.

Programu haikunyamaza. Ilimuuliza: "Una uhakika?"

"Nikose uhakika na tomsoni zangu mwenyewe?" Akabonyeza Ndiyo.

Asubuhi wateja wamejaa getini, oda hata moja haipo. "Mwana wangu," akaniambia kwa upole, "ndoo yako imetoboka."

Nikaliondoa pipa, nikaandika FUTA kwa herufi kubwa. Safari hii aliyegoma ni papa mdogo: vitufe vilikuwa vya njano na buluu, rangi za timu ya Lupopo, na yeye ni wa Mazembe tangu tumboni. Nikamweleza kwamba miongozo ya kimataifa ya wavuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1.

"Na nyeusi juu ya nyeupe, rangi zetu Mazembe?"

"21 kwa 1. Hakuna inayozidi hapo."

Alisimama, akapiga makofi. Ila lile bao moja lilimkera. "Golini alikaa nani? Enzi za Kidiaba lisingeingia."