Fahirisi ya Haya: Mhadhara wa Bingwa Asiyeombwa

Assalaam aleikum mashekhe, wazee wangu wa baraza, na nyinyi vijana mliobaki juu ya vespa zenu ili mpate kuondoka upesi. Nawashukuru kwa kunialika. Najua hakuna aliyenialika. Namshukuru yule ambaye angenialika lau angejua nilichonacho.

Amma baad. Nimesimama hapa Wete, katika kisiwa ambacho Waarabu walikiita Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, nikiwa bingwa wa kwanza na hadi jioni hii wa pekee katika Pemba nzima kwenye elimu ya sukari iliyomo damuni. Shahada yangu haikutoka chuo chochote, kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kuninyang'anya. Mwalimu wangu ni simu hii, na maabara yangu ni tumbo hili mnaloliona, au tuseme msiloliona, maana nimevaa kanzu. Kanzu ni vazi la stara: husitiri mpaka ushahidi.

Namwona shangazi yangu kakaa pale kizingitini na ungo wake, anachambua kunde. Shangazi, karibu elimu. Maswali mwisho.

Nukta ya kwanza: hodi.

Mtu akila wali, husagika tumboni ukawa sukari, sukari ikaingia katika damu. Lakini damu ni njia tu, si nyumba. Nyumba ni seli: za misuli, za ini, za mafuta. Sukari ikifika mlangoni haijui kufungua. Ndipo kongosho, kiungo kilichojibanza nyuma ya tumbo kama mlinzi wa ghala la karafuu, humtuma mjumbe aitwaye insulini. Insulini hupiga hodi. Seli hujibu, "Karibu." Mlango hufunguka, sukari huingia, mwili hupata nguvu.

Sasa fikirini nyumba inayopigiwa hodi tangu alfajiri. Chai ya vijiko vinne na vitumbua. Saa nne, maandazi mawili ya kumsubiri mtu. Mchana, wali. Alasiri, urojo. Magharibi, chai tena, na mkate wa kumimina kwa sababu jirani kaleta. Usiku, wali, kwa sababu mtu hawezi kulala bila ya kula. Hodi, hodi, hodi! Na kinachozidi mahitaji hugeuka mafuta, mafuta yakajazana ndani ya ini na misuli, yakaziba masikio ya wenye nyumba. Mwanzo huitikia kwa uvivu. Baadaye hujifanya wamelala. Huo, mabwana, ndio usugu wa insulini.

Sisi tumefundishwa kuwa hodi ni tatu. Usipojibiwa, rudi ulikotoka. Insulini haikupata malezi hayo. Isipoitikiwa, kongosho hutuma wajumbe kumi, kisha ishirini, wakagonga kwa pamoja mpaka mlango uachie. Kelele hizo huweza kuendelea miaka, na kipimo cha sukari bado kinasema salama. Tena insulini ikijaa damuni huyazuia mafuta yasitoke ghalani, basi kitambi kinakuwa mpangaji asiyehama. Siku kongosho litakapochoka kutuma watu, ndipo utaambiwa una kisukari: asubuhi, kabla ya kula, milimoli 7 au zaidi kwa lita ya damu.

Dalili nyingine iko shingoni. Ngozi ya nyuma ya shingo huweza kuwa nyeusi na nene kama mahameli. Miaka mitatu shangazi yangu alinisugua hapo kwa dodoki kila usiku wa kuamkia Sikukuu, akisema mtoto huyu haogi. Shangazi, ulikuwa ukisugua insulini.

Naam? Shangazi anauliza: siku ile ya tarehe 14 Novemba walipokuja watu kupima sukari, mbona mashine yangu ilisema tisa, na yake yeye ilisema tano? Kwa faida ya hadhira, hiyo ni Siku ya Kisukari Duniani, na ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, ambaye mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, yeye na Charles Best waliipata insulini. Ama kuhusu ile tisa, nilikuwa nimefunga kula isipokuwa kitumbua kimoja, nacho nilikila kwa uchunguzi. Swali liko nje ya mada.

Nukta ya pili: Toronto tena.

Miaka 60 baada ya Banting, katika mji uleule, mtaalamu David Jenkins na wenzake walikaa wakajiuliza jambo ambalo mama yeyote wa Pemba angemwona mwanawe mgonjwa kwa kulifikiria: je, wanga wote ni sawa? Wakampa mtu chakula chenye gramu 50 za wanga, wakampima damu kwa muda wa saa mbili, wakalinganisha na glukosi tupu waliyoipa alama 100. Mwaka 1981 wakachapisha orodha ya vyakula 62. Hiyo ndiyo fahirisi ya glaisemia. Chakula cha alama 55 kurudi chini hupandisha sukari polepole, kama mzee anayepanda ngazi za msikiti. Cha 70 kwenda juu hupanda kama kijana aliyeona embe bivu.

Wengine waliendelea kupima, na simu yangu inazo hesabu zao. Mkate mweupe, huu boflo wetu, 75. Wali mweupe 73, ingawa basmati aghalabu hushuka chini ya mchele unaonata. Mbatata za kuchemsha 78. Maharagwe mekundu 24. Adesi 32. Na tende, enyi waumini, 42. Sunna ilifika kabla ya Toronto.

Lakini nilipoendelea kusoma nikakuta sukari yenyewe, hii ya mezani, ni 65. Chini ya boflo! Chipsi 63, chini ya mbatata za kuchemsha! Aiskrimu 51! Mabwana, hapo nilifunga simu, nikamshukuru Mola, nikasimamisha utafiti kwa wiki tatu ili nitekeleze matokeo. Niliongezeka kilo nne.

Nilipoifungua tena simu, nikasoma mstari wa chini. Mafuta huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo aiskrimu na chipsi hupata alama nzuri kwa hila, kama mwanafunzi aliyekaa karibu na mwenye akili. Mwili unayahesabu mafuta hayo moja moja na kuyaweka kiunoni. Tena fahirisi haisemi umekula kiasi gani. Tikiti maji ni 76, lakini kipande kimoja ni maji matupu na wanga kidogo, kwa hiyo mzigo wake kwa damu ni kama 5. Wali wa gramu 150 mzigo wake ni kama 30, na 20 tayari ni mzigo mkubwa. Gramu 150! Kwetu hicho ni kiasi cha kuonjea chumvi.

Nukta ya tatu: tiba, ambayo kwa masikitiko makubwa ni rahisi.

Kwanza, kiporo. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ukawa mgumu kusagika, na hata ukipashwa moto sehemu hiyo hubaki. Tofauti si ya miujiza, lakini ipo. Nasema kiporo kilichowekwa mapema kwenye friji, si kile kilicholala kabatini kwa joto hili la Pemba. Huko wanaokaa ni vijidudu, navyo havisomi fahirisi.

Pili, utaratibu wa kula. Anza na mboga na samaki, wali uje mwisho. Wanaochunguza lishe wameona sukari haipandi sana kwa njia hiyo, ingawa chakula ni kilekile. Mchicha na tembele viwe mlango, pweza awe ukumbi, wali uwe chumba cha uani. Na kamulia ndimu, maana ukali hupunguza mbio za wanga.

Tatu, mlango wa nyuma. Hii ndiyo siri kubwa ya mhadhara huu. Msuli unapofanya kazi hufungua mlango mwingine, na sukari huingia bila ya insulini kupiga hodi. Kutembea robo saa baada ya chakula ni kupita uani. Baba zetu walikuwa juu ya mkarafuu tangu asubuhi, wakashuka na pakacha. Misuli yao ilikuwa wazi mchana kutwa. Sisi tunapanda bodaboda kwenda kununua vocha duka la pili.

Nne, kupungua. Mwaka 2002 Wamarekani walitangaza matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliofundishwa kula vyema, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuangukia kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Vidonge peke yake vilipunguza asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushei. Hawakuambiwa wawe wembamba kama mwiko. Waliambiwa wapungue kidogo. Na ewe mgonjwa mwenye dawa, atakayetupa vidonge vyake kwa ajili ya hotuba hii, mimi simjui na wala hakuniona. Nenda kwa daktari wako.

Naam, shangazi? Anasema: kunde, mbaazi, majani, samaki, kutembea kwa miguu hadi shamba, mbona hayo ndiyo aliyonilea nayo, nami nikiyakimbia kupitia dirishani nikienda kununua kaimati? Swali zuri. Liko nje ya mada.

Nukta ya nne, ambayo ni uvumbuzi wangu mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda Konde kuwaona wakwe zangu. Nikaletewa chai. Nikasema kwa adabu, "Mama, naomba isiyotiwa sukari." Mama mkwe akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akanyamaza. Halafu akauliza kama nimesikia popote kwamba nyumba ile imeishiwa sukari. Nikasema hasha. Akanyamaza tena, kimya kirefu cha mtu anayekumbuka mahari yalikuwa kiasi gani. Nilikunywa vikombe vitatu, vya vijiko vinne vinne, na halua juu yake.

Njiani nikirudi ikanifunukia. Jenkins alipima damu, hakupima haya! Basi nimetunga Fahirisi ya Haya, na kipimo chake ni hiki: mpe mgeni chakula, akikatae, kisha hesabu siku ambazo mwenyeji hatasema naye. Chakula cha rejea ni halua ya Sikukuu, alama 100. Pilau ya harusi, 98. Chai ya mama mkwe, 95. Soda aliyotumwa mtoto dukani kwa ajili yako, akaja anahema, 90. Tambi za sukari za futari, 85. Muhogo wa nazi, 40. Samaki wa kuchoma, 30. Kunde, 3. Kiporo, sifuri, hakuna aliyewahi kuchukia kwa kukataliwa kiporo chake. Ugomvi huanza ukimwandalia mgeni.

Sasa ziwekeni fahirisi mbili ubavu kwa ubavu. Mnaona? Kinachopandisha sukari ndicho kinachopandisha heshima. Vya chini vya Toronto ndivyo vya chini vya baraza: tunavila wenyewe jikoni, na mgeni akibisha hodi tunavifunika kwa kawa. Mgonjwa wa Pemba hakosi elimu. Anajua. Mwambie ataje chakula kibaya kwake, atakitaja vizuri kuliko mimi. Lakini akitoka kwa daktari ana karatasi mkononi, na njiani mpaka nyumbani kuna milango sita inayomwita kwa mapenzi, na nyuma ya kila mlango kuna chai. Seli zake zimeziba masikio kwa hodi; yeye mwenyewe amekosa uso wa kukataa karibu. Tumbo lake ni orodha ya watu aliowaonea haya.

Kwa hiyo dawa si kumfundisha mgonjwa kukataa. Dawa ni mwenyeji kubadilisha sinia. Siku kunde zitakapoliwa sebuleni, juu ya jamvi la wageni, huku mwenyeji akisema "karibu, usione haya" bila ya kuomba radhi, siku hiyo Fahirisi ya Haya itapinduka, na hospitali itapata nafasi ya kupumua.

Nami, kama bingwa, nitaanza. Ijumaa hii baada ya sala, nyumbani kwangu: kunde, mchicha, pweza wa kuchoma, achari ya ndimu, na wali wa ukubwa wa ngumi. Soda hakuna. Halua hakuna. Chai ipo, imevaa rangi yake tu. Atakayekuja anyooshe mkono.

Msione haya.

Naona mikono miwili. Yote miwili ni yangu.

Naam, kuna wa tatu, kule kizingitini, una ganda la kunde kidoleni. Shangazi, Mungu akuweke, nilijua elimu hii itakuingia. Unakuja Ijumaa?

Ah. Anauliza: kunde za watu wote hao, nani atazichambua?

Mabwana na mabibi, swali hilo liko nje ya mada. Wabillahi tawfiki.